Kupiga picha za mawimbi na watelezaji wake: mwongozo wa wimbi moja

Mwenye lenzi ndefu asiyelijua wimbi hurudi nyumbani na picha za povu. Mwenye lenzi ya kawaida anayejua maji yakifika wapi wimbi hufunguka, upepo hugeuka saa ngapi na jua linaangukia upande gani, huwa ameshakaa mahali pake kabla mawimbi makubwa hayajaingia. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kulishika wimbi moja lililo karibu naye, yaani mahali pamoja ambapo mawimbi huvunjika, na kulipiga picha vizuri pamoja na watelezaji wake, watu wanaoteleza juu ya wimbi kwa ubao, kwanza akiwa nchi kavu, kisha, akishakuwa tayari kimwili, akiwa ndani ya maji.

Lisome wimbi kabla ya kutoa kamera

Chagua wimbi unaloweza kulifikia mara kwa mara, hata kama si kubwa. Kulizoea wimbi moja kwa miezi kadhaa kutakufunza mengi kuliko kuzunguka kwenye fukwe kumi.

Utabiri wa bahari hutoa mambo matatu: urefu wa wimbi, kipindi chake, yaani sekunde zinazopita kati ya mgongo mmoja wa wimbi na unaofuata, na upande linakotoka. Wengi hutazama urefu tu, na hapo ndipo wanapopotea. Wimbi lenye kipindi cha sekunde 8 limezaliwa na upepo wa karibu. Kwenye kina kirefu, migongo yake huachana kwa mita 100 hivi, nalo huanza kuihisi sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 50. Wimbi la sekunde 14 limetoka mbali. Migongo yake huachana kwa takriban mita 300, na huanza kuihisi sakafu kwenye kina cha mita 150. Kwa hiyo mawimbi mawili yanayotabiriwa kwa urefu uleule wa mita 1.5 yanaweza kufika ufukweni yakiwa tofauti kabisa: la sekunde 14 hupindishwa na miamba, huinuka zaidi linapofika kwenye maji mafupi, na huvunjika kwa nguvu zaidi.

Kwa mpiga picha, kipindi kirefu maana yake ni mistari safi na kungoja sana. Mawimbi hayo huja kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu bahari inaweza kutulia dakika 10 au zaidi ukadhani siku imekwisha. Usikunje stendi ya kamera. Kipindi kifupi huleta mawimbi mengi yaliyochanganyika, na picha nzuri siku hiyo ni za karibu, za mtu mwenyewe, wala si za mandhari pana.

Upande wa mawimbi nao una neno lake. Rasi, kisiwa au mwamba unaweza kulikinga wimbi lako dhidi ya mawimbi ya kusini na kuliacha wazi kwa ya kusini mashariki. Sakafu ya bahari pia huamua mengi: Nazaré, Ureno, hupata mawimbi yake makubwa mno kwa sababu kuna bonde refu chini ya bahari linalofika karibu kabisa na ufuko na kuyakusanya mawimbi mahali pamoja. Wimbi lako lina sababu yake ya namna hiyo, pengine kifungu cha mchanga, pengine ukingo wa matumbawe. Maji yakipwa sana, nenda ukaitazame kwa macho.

Halafu kuna maji kujaa na kupwa. Wimbi huvunjika linapofika mahali ambapo kina ni takriban mara 1.3 ya urefu wake, kwa hiyo wimbi la mita 1.5 huvunjika kwenye maji ya mita 2 hivi. Maji yakijaa, pale palipokuwa na mita 2 panakuwa na mita 3 au 4, na wimbi lilelile linapita bila kuvunjika mpaka lifike karibu na ufuko. Yakipwa mno, linabomoka lote kwa mara moja juu ya mwamba na hakuna wa kuteleza. Pale maji yanapojaa mara mbili kwa siku, kujaa kumoja hadi kwingine huchukua saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji ni kubwa na nafasi nzuri ya wimbi huwa fupi. Wakati wa maji mafu, tofauti hiyo ikiwa ndogo, wimbi hubaki katika hali moja kwa muda mrefu.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kupanda kwake mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati, na huo ndio muda wimbi hubadilika ukiwa unalitazama.

Upepo ni rahisi zaidi kuuelewa. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na alfajiri upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini. Upepo huo huuzuia mdomo wa wimbi, yaani ukingo wake wa juu unaojikunja, usianguke mapema, hulainisha uso wake, na hupeperusha manyunyu nyuma ya wimbi. Jua likipanda, upepo hugeuka na kuvuma kutoka baharini, na uso wa maji unajaa makunyanzi. Ndiyo maana wapiga picha wa mawimbi huamka gizani.

Jua lipime pamoja na upepo. Ufuko unaotazama magharibi hukupa jua mgongoni asubuhi: rangi za maji huwa kamili na sura ya mtelezaji inaonekana. Ufuko unaotazama mashariki hukuwekea jua usoni saa hizohizo: mtelezaji anakuwa kivuli cheusi, lakini mdomo wa wimbi unapitisha mwanga wa kijani na manyunyu yanawaka. Yote mawili ni mazuri ukiwa umeyatarajia.

Andika. Daftari dogo, kila siku mstari mmoja: tarehe, urefu, kipindi, upande wa mawimbi, upepo, saa ya kujaa au kupwa, saa uliyopiga, mahali uliposimama, na maneno machache ya hali ya wimbi. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko lenzi yako, kwa kuwa utabiri unaeleza bahari kuu na daftari linaeleza wimbi lako.

Mahali pa kusimama

Kulia na kushoto kwa wimbi huhesabiwa kwa mtelezaji anayetazama ufuko. Wimbi la kulia, ukilitazama kutoka mchangani, linaelekea kushoto kwako. Ukilichanganya hilo utajikuta upande usiofaa.

Mtelezaji anaweza kusimama huku akilitazama wimbi au akilipa mgongo. Anayelitazama wimbi anaupa ufuko mgongo wake, kwa hiyo ukipiga kutoka mbele moja kwa moja utapata mabega na kisogo. Dawa yake ni kusogea kando, kuelekea kule anakokwenda, mpaka uwe unalitazama kwa mshazari bega la wimbi, yaani upande wake ambao bado haujavunjika. Kutoka hapo unaona uso wa mtu, uso wa wimbi, na, wimbi likijikunja, unaona hadi ndani ya handaki lake. Rasi na gati husaidia sana kwa hilo. Teahupo'o, Tahiti, wapiga picha hukaa kwenye boti katika mlango wa maji kando ya mwamba kwa sababu hiyohiyo: wimbi linawafungukia usoni, nao wako kwenye kina ambako halivunjiki.

Kimo chako nacho kinabadili habari yote. Ukiinama karibu na maji, wimbi linakua na upeo wa macho unajificha nyuma yake, ila wimbi dogo la mbele linaweza kukukatia mtelezaji kiunoni. Ukipanda kilimani unaona mistari ya mawimbi yanayoingia, kina na rangi ya mwamba, ingawa wimbi linaonekana dogo. Kwa wimbi la chini ya mita 1, kaa chini. Kwa siku ya mawimbi makubwa, panda.

Umbali unaweza kuupima kabla ya kufika. Kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) kamili ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 400 huona upana wa mita 9 na kimo cha mita 6 kwa kitu kilicho mita 100. Kikiwa mita 200, upana ni mita 18. Kwa sensa ndogo ya APS-C, lenzi hiyohiyo huona karibu mita 6 kwa umbali wa mita 100 na karibu mita 12 kwa mita 200. Mtelezaji, ubao wake na wimbi lenyewe vinahitaji mita 8 hadi 12. Hesabu hiyo itakuambia kama unahitaji milimita 300 au 600.

Adui asiyetajwa sana ni joto. Kuanzia saa nne asubuhi mchanga ukishapata moto, hewa juu yake hutetemeka, na picha ya kitu kilicho mbali inalainika kana kwamba fokasi imekosewa. Hakuna lenzi inayoponya hilo. Sogea ukingoni mwa maji, panda mahali palipoinuka juu ya mchanga, au subiri jioni.

Vifaa vya nchi kavu

Unahitaji kamera inayopiga picha 8 hadi 10 kwa sekunde, lenzi ya milimita 300 hadi 600, stendi, betri mbili na kadi ya kumbukumbu yenye kasi. Stendi ya mguu mmoja inatosha kwa lenzi nyepesi, nayo inakuacha huru kugeuka. Kwa lenzi ya kilo 3 tumia ya miguu mitatu, iliyosukumwa mchangani mpaka itulie, na kichwa chake kilegezwe kidogo ili kifuate mwendo. Lenzi nyingi za zamani hutikisa picha zenyewe zikiwa juu ya stendi huku kidhibiti mtikisiko kimewashwa, kwa hiyo kizime.

Filta ya polaraiza huondoa mng'ao juu ya maji na kuonyesha mwamba chini yake, lakini hula mwanga wa hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), na hufanya kazi vizuri zaidi jua likiwa ubavuni mwako. Alfajiri iache mfukoni.

Mpangilio wa kamera

Tumia modi ya mkono (M), ambamo unapanga mwanga mwenyewe. Kamera ikiachwa ipime yenyewe, itadanganyika: wimbi likiwa na povu jingi itaifanya picha kuwa nyeusi, na wimbi likiwa la bluu iliyokoza itaifanya picha iwe nyeupe mno, wakati mwanga wa jua haujabadilika hata kidogo.

1. Anza na kasi ya shata ya sekunde 1/1600. Chini ya 1/1000 matone ya maji na mikono huvutika. Kwa kona kali na kuruka hewani, panda hadi 1/2000 au 1/2500.

2. Weka upenyo wa lenzi, yaani tundu linalopitisha mwanga, wa f/5.6 hadi f/8. Lenzi nyingi ndefu ni kali zaidi hapo kuliko zikiwa zimefunguliwa kabisa.

3. Rekebisha ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, mwisho. Jua kali likiwa mgongoni mwako, ISO 200 kwa f/5.6 na 1/1600 hukaribia mahali pake. Kabla jua halijachomoza usiogope ISO 1600 au 3200 kwa 1/1000, kwa kuwa chembechembe husafishika na picha iliyotikisika haitengenezeki.

4. Piga picha moja ya povu jeupe lililopigwa na jua, kisha tazama histogramu, mchoro wa mgawanyo wa mwanga wenye weusi kushoto na weupe kulia. Weupe ukigonga ukuta wa kulia, punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua. Povu lililoungua halirudi, hata kwenye faili ghafi za RAW, ilhali kivuli kilichozidi kidogo hurudi.

5. Weka fokasi ya kufuata mfululizo, na eneo dogo la pointi kadhaa katikati. Pointi moja tu humponyoka mtu kirahisi, na eneo zima la picha hukamata povu. Kama kamera yako inatambua watu, iwashe, kisha punguza wepesi wake wa kurukia kitu kipya, ili manyunyu yakipita mbele fokasi isihame.

6. Pima mwanga upya kila wingu linapopita, na kila robo saa asubuhi mapema.

Kumfuata mtelezaji

Anza kumfuata akiwa bado analala juu ya ubao na kupiga makasia kwa mikono. Ukisubiri asimame umechelewa, kwani fokasi inahitaji muda wa kushika. Lenga kifua. Geuka kwa kiuno, viwiko vikibanwa mbavuni.

Usibonyeze mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho. Kamera huhifadhi picha kwa muda mahali padogo kabla ya kuziandika kwenye kadi, na hapo pakijaa inagoma, mara nyingi sekunde ileile mtu anapoingia kwenye handaki. Piga vifungu vifupi kwenye nyakati zenye uzito: anaposimama huku wimbi likiwa wima nyuma yake, anapoinama chini kabisa kukata kona ya kwanza na mkono wake kugusa maji, anapofika juu na ubao kuutupa ukingo wa wimbi hewani, anapojikunja ndani ya handaki, na anapotoka. Kona ya juu huisha kwa sekunde moja hivi. Anza nusu sekunde kabla.

Kona ya chini ndiyo ishara yako. Mtelezaji akikata kona ya chini akiwa amejikunja sana, macho yakitazama juu, kona kubwa inakuja. Akiikata kwa ulegevu, anataka kasi tu. Ukishawazoea watu wa wimbi lako utajua nani hupenda kuruka na nani hupenda kukaa ndani ya handaki, na kidole chako kitatangulia.

Achia nafasi mbele ya mtu, upande anakokwenda. Na mara chache, mtu akishapita, geuza lenzi kwenye wimbi tupu linalofuata. Mawimbi mengi mazuri zaidi hayana mtu juu yake, na wapiga picha wengi wakati huo huwa wanatazama kioo cha kamera.

Kwa picha ya mwendo, shusha shata hadi kati ya 1/15 na 1/60 kabla ya jua kuchomoza, ISO 100, na umfuate mtu kwa kasi ileile anayokwenda. Picha nyingi zitaharibika, lakini ile inayofanikiwa, kichwa kikiwa kikali na maji yamevutika kama hariri, haipatikani kwa njia nyingine.

Chumvi na mchanga

Manyunyu ya bahari hufika mbali kuliko unavyoyaona. Yakikauka kwenye kioo huacha punje za chumvi, na ukizifuta kavu unakwaruza. Lowesha kitambaa laini kwa maji safi yasiyo na chumvi, zilegeze kwanza, ndipo ufute. Usibadilishe lenzi ufukweni kukiwa na upepo. Nyumbani futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilichokamuliwa, na suuza miguu ya stendi ukiwa umeifungua.

Kuingia majini: mwili kwanza

Hapa makosa huua. Kasha la kuikinga kamera na maji halikupi uwezo wa kuogelea. Kabla ya kulibeba, uwe unaweza kuogelea mita 500 baharini bila kupumzika, uwe umejifunza kupita chini ya mawimbi ukiwa mikono mitupu, na uwe unaujua mkondo unaovuta kwenda nje pale ulipo. Ukivutwa nao, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke, kisha rudi. Watelezaji huutumia mkondo huohuo kama barabara ya kwenda nje, nawe unaweza pia, ukishaujua.

Vaa mapezi mafupi ya miguuni yenye kamba za kifundoni, kwani pezi likitoka katikati ya mawimbi umebaki nusu ya nguvu zako. Juu ya mwamba vaa helmeti. Usiingie peke yako, wala usiingie bila mtu wa nchi kavu kujua.

Anza na mawimbi ya kiunoni na lenzi ya milimita 50 nyuma ya kioo bapa cha kasha. Ukiwa mita 5 kutoka kwa mtelezaji, lenzi hiyo huona upana wa mita 3.6 hivi kwenye sensa kamili, na bado uko salama. Lenzi pana sana, ya milimita 16 au ya jicho la samaki nyuma ya kioo cha kuba, inadai mtu awe mita 1 tu kutoka kwako. Akiwa mita 4 ni nukta. Umbali huo mdogo ni wa watu waliokwisha kuaminiana.

Kasha na oringi yake

Kasha huzuia maji kwa pete moja ya mpira, yaani oringi, na unywele mmoja tu juu ya pete hiyo unatosha kuingiza maji. Fanya kazi hii usiku uliotangulia, mezani, bila haraka:

1. Toa oringi kwa vidole au kadi ya plastiki. Chuma hukwaruza.

2. Ipitishe taratibu kati ya vidole viwili. Ukihisi punje, mkato au mahali palipobonyea, usiitumie.

3. Safisha mfereji wake kwa pamba isiyoacha nyuzi.

4. Paka grisi ya silikoni kidogo, oringi ing'ae tu. Grisi haizibi maji, kazi yake ni kuilainisha pete ikae vizuri. Ikizidi hukamata mchanga. Fuata maelezo ya aliyetengeneza kasha, kwani baadhi ya pete hazitakiwi kupakwa kitu.

5. Funga kasha likiwa tupu, na karatasi laini ndani. Lizamishe kwenye beseni dakika 15, bonyeza kila kitufe, kisha fungua. Karatasi ikiwa kavu kila mahali, weka kamera.

6. Ondoa mkanda wa kamera, weka betri iliyojaa na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu ndani, na ufunge mahali penye ubaridi na ukavu. Ukifungia hewa yenye unyevu na joto, kioo kitapata ukungu mara kasha likigusa maji baridi.

Kwa lenzi pana, funga fokasi mapema. Milimita 16 kwa f/8 kwenye sensa kamili, ukiifunga kwenye mita 1, ni kali kuanzia nusu mita hadi mita 10 na zaidi. Bandika utepe juu ya pete ya fokasi ili isisogee, na usimamishe shata kwenye 1/1250 au zaidi.

Ukiingia majini, zamisha kasha nusu dakika kwenye maji ya kiunoni. Mapovu machache yaliyonaswa nje hutoka yakaisha. Mstari wa mapovu madogo usiokatika maana yake ni kwamba maji yanaingia. Toka mara moja.

Losheni ya jua ipake mapema, kisha nawa viganja kwa sabuni. Alama moja ya mafuta kwenye kioo huharibu asubuhi nzima. Kioo cha kuba kirambe au kitemee mate na kukichovya, ili maji yatandae kama utando, na kibaki majini mpaka sekunde ya mwisho kabla ya kupiga. Kikianza kukauka matone hujikusanya katikati ya picha. Kioo bapa hufanywa kinyume: sugua nta kidogo na uing'arishe ili matone yateleze na kuanguka.

Mahali pako ndani ya maji

Kaa kwenye bega la wimbi, upande wa mlango wa maji. Mtelezaji akija, mwonyeshe kwa macho kwamba umemwona na ukae ulipo. Ukihamahama hatajua akukwepe upande upi. Piga, kisha zama kupita chini ya wimbi mapema. Kasha lisiwe mbele ya uso wako wimbi likikupiga, maana litakuvunja meno. Linyooshe mbali na kichwa, au liache likufuate nyuma kwa kamba ya mkono. Kwenye maji mafupi juu ya mwamba usizame kwa kichwa wala usisimame. Laza mwili, kwa usalama wako na wa matumbawe.

Ukitoka, loweka kasha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi dakika 20 hadi 30 kabla ya kulifungua, ukibonyeza vitufe vyote. Kausha nywele na mikono, kisha lifungue likiwa limeinamishwa, tone lidondoke nje.

Likiwa limevuja, toa betri papo hapo, kisha kadi. Usiwashe kamera kujaribu, kwa kuwa umeme na maji ya chumvi pamoja hula vyuma haraka. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Kuifukia ndani ya mchele hakuondoi chumvi, na wenye matumaini na mchele hupoteza saa ambazo fundi angezihitaji.

Adabu za wimbi

Wimbi ni la watelezaji kwanza. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapovunjika ndiye mwenye haki nalo, nawe unayeogelea huna haki ya kumzuia. Usipite katika njia yake wala njia ya wanaorudi nje. Salimia watu kabla ya kutoa kamera, na ujue nani ni wenyeji na nani mvuvi anayehitaji mlango huohuo wa maji. Watoto wapigwe kwa ruhusa ya wazazi.

Wimbi dogo lisilojulikana linaweza kuharibika kwa picha moja iliyosambaa ikiwa na jina lake. Uliza wanaoliteleza kila siku kama wanataka litajwe. Kama hawataki, usitaje, usipige majengo au alama zinazolitambulisha, na uondoe taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili kabla ya kuituma. Usitume picha siku hiyohiyo wakati mawimbi bado yapo.

Kuchagua na kukabidhi

Nakili kadi mahali pawili kabla ya kuifuta. Pita mara ya kwanza haraka ukitupa zote zisizo kali. Mara ya pili, katika kila mfululizo wa picha 10 za kona moja, bakiza moja: ile ambayo manyunyu yamefika juu kabisa, mkono haujaziba uso, na pua ya ubao inaonekana. Nyoosha upeo wa bahari, kwani ukiinama hata nyuzi 1 jicho linaona. Shusha weupe wa povu kabla ya kugusa rangi, na usiisukume bluu ya maji. Waliokuwepo wanaikumbuka rangi yake.

Kwa simu, picha yenye pikseli 2048 upande mrefu inatosha. Atakayetaka kuchapisha kwa ukubwa wa A3 anahitaji takriban 4961 kwa 3508 ili ichapwe kwa nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo picha ya megapikseli 24 iliyokatwa nusu yake haifikii kiwango hicho. Mweleze kabla hajalipa. Wale ambao hawakuomba chochote, lakini wamekuwa mbele ya lenzi yako tangu alfajiri, watumie picha moja nzuri kila mmoja.